Kauntabuku ya Ramadhani

Mwaka 2018 Ramadhani iliingia katikati ya Mei, masika hayajakatika, na saluni yangu ya Ngamiani, Tanga, ikapoa mpaka nikaanza kuihofia kodi. Ikishapita adhuhuri hakuna anayebisha hodi. Wanawake wako jikoni; uani kwa jirani nasikia nazi inakunwa. Viti vitupu, drai nimelifunika kanga, fundi wangu kajilaza kwenye benchi la wateja.

Usingizi ule mimi sikuuweza. Nilikuwa na jambo rohoni tangu mfungo wa mwaka uliotangulia. Kumi la mwisho la 2017 tulifurika, watu wamesimama mpaka barazani. Binti mmoja nikampaka dawa ya kunyoosha nywele, nikageuka kummalizia mwingine rola. Akaniita, "Anti, inawasha." Nikamjibu avumilie kidogo. Nilipokuja kumwosha, nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imebanduka, kidonda upana wa sarafu ya shilingi mia. Mama yake hakunigombeza wala hakudai pesa. Alimshika mkono mwanawe wakaondoka, na sikuwaona tena.

Basi siku ya tatu ya mfungo nikamwamsha fundi. Nilikuwa nimenunua saa ya ukutani na kauntabuku ya kwaya mbili. Tukashusha makopo yote ya dawa, tukayasoma moja moja, maandishi yenyewe madogo na ya Kiingereza, kamusi ya mwanangu ya shule ikiwa mapajani. Miaka sita nawapaka watu dawa zile, na siku hiyo ndiyo nilijua kwamba baadhi zimetengenezwa kwa sodiamu hidroksidi, nyingine kwa kalisiamu hidroksidi inayochanganywa na maji yake ya pembeni. Tukaligawa shelfu: hizi kulia, zile kushoto.

Kesho yake nikakata vishungi vya nywele zangu mwenyewe kutoka kisogoni, tukavifunga uzi, tukavilaza juu ya taulo jeupe na kuvipaka. Fundi akishika saa, mimi nikiosha kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilitoka laini, nikikivuta kinarudi. Cha mwisho tulikiacha muda mrefu kuliko ulioandikwa kwenye kopo. Nilipokivuta kilinyooka kama tambi zilizoiva mno, kikakatikia vidoleni bila sauti. Fundi alikitazama kitambo. Kisha akasema, "Anti, na yule binti tulimwambia avumilie."

Sikuwa na la kumjibu. Kuanzia siku ile kila aliyepita mkononi mwetu tukamwandika: jina lake, dawa gani, tarehe, dakika ngapi, kama kichwa kina upele au kidonda, kama alijikuna au kusuka siku za karibuni. Saa za mchana zilizobaki tulizitumia kuwapigia simu wateja wa zamani, kuwauliza hali na kujaza yale tuliyoyakumbuka nusunusu. Wengine walishangaa saluni kumpigia mtu simu bila kumwambia njoo.

Kumi la mwisho likaingia na watu wake. Ramadhani 27, baada ya tarawehe, akaja mama mmoja wa heshima zake, mteja wangu wa miaka, anataka dawa kwa ajili ya Idd. Fundi akafungua daftari, akanitazama. Nikasogea. Jina lake lilikuwepo: Ramadhani 6. Siku 21 tu zimepita, na sisi tulikwisha kubaliana kwamba chini ya wiki nane hatumpaki mtu.

"Mama, dawa leo sitakuwekea. Nywele mpya hazijaota za kutosha, itapanda juu ya zilizokwishapakwa, zitakatika."

"Pesa yangu unaikataa wewe?" Watu wakanyamaza. Saluni ya pili ilikuwa hatua chache tu, na nilijua huko watampaka bila kuuliza.

Nikamwekea kauntabuku mapajani. Akatoa miwani kwenye mkoba, akapitisha kidole kwenye mstari wake polepole: tarehe, dakika, na pembeni maneno ya fundi, "kisogo chepesi, tuangalie". Akapeleka mkono kisogoni chini ya mtandio, akapapasa.

"Hili mmeliona lini?"

"Siku ileile, mama. Mchana, hapakuwa na watu."

Akavua mtandio, akakaa. Tulimwosha, tukampaka mafuta ya nazi ya moto, tukamfunika taulo lenye mvuke, kisha fundi akamsuka twende kilioni, mistari mipana, mkono mwepesi kule kisogoni. Tulifunga saa nane usiku. Vijana wa daku walikuwa wameshaanza kupiga ngoma mitaani, na fundi wangu bado ameinama kwenye benchi, anaandika.