Vumbi la Matundu ya Mjomba

Juzi mwanangu aliniomba ruhusa ya kufuga njiwa chumbani mwake, kwa kuwa rafiki yake amekubali kumpa wawili. Sikumjibu papo hapo, maana nilimkumbuka Mjomba na nyumba yake ya Ngamiani, Tanga.

Mjomba aliweka matundu ya njiwa ukumbini, hatua chache kutoka kwenye kitanda alichojilaza mchana. Kikohozi chake kilianza kidogo kidogo, kikiwa kikavu. Jioni ya siku aliyosafisha matundu alishikwa na homa na baridi kali, na kesho yake akaamka mzima, nasi tukasema ni malaria. Alipokonda alipimwa kifua kikuu. Makohozi machache aliyoweza kuyatoa hayakuonyesha kitu, lakini akaanzishiwa dawa hata hivyo, akazimaliza, na pumzi ikazidi kuwa fupi.

Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa mbele ya tundu kubwa, akikwangua kwa kisu kikuukuu kinyesi kilichokauka na kugandamana na magazeti ya chini. Kila alipokwangua, kinyesi kilivunjika kikawa unga, na njiwa walipopiga mbawa kwa hofu, vumbi jeupe la manyoya yao lilipaa na kujaa katika mwale wa jua uliopenya dirishani, likielea muda mrefu bila kutua. Jingine liliangukia kikombe chake cha chai. Mjomba akalipuliza kando, akanywa, akakohoa hadi akaegemea ukuta, kisha akawaita njiwa wake kwa sauti ya upole nisiyowahi kumsikia akiitumia kwa mtu.

Hatimaye tulimpeleka hospitali nyingine, ambako daktari aliitazama picha ya kifua, akauliza: "Mzee, nyumbani unafuga nini?"

Alitueleza kwamba protini zilizomo katika manyoya na kinyesi cha ndege zikivutwa kwa muda mrefu huweza kuufanya mwili wa baadhi ya watu upambane nazo ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu. Homa huja saa nne hadi nane baada ya kuvuta vumbi, ndiyo sababu hakuna aliyeihusisha na usafi wa asubuhi. Vumbi likiendelea kuvutwa, mapafu hupata makovu yasiyofutika. Kulowesha kinyesi kabla ya kukikwangua hupunguza vumbi, alisema, lakini kwa mtu ambaye mapafu yake yamekwisha kuyakataa manyoya, hata barakoa haitoshi; ndege lazima waondoke.

Njiwa wakagawiwa majirani. Homa za jioni zikakoma, lakini ile pumzi ya kupandia ngazi haikurudi tena. Daktari yule alihitaji swali moja tu, na hadi leo ninajiuliza kwa nini halikuulizwa mapema, ilhali Mjomba alikuwa akiingia kila zahanati na manyoya yameganda kwenye kanzu yake.