Mchanga hai au mkavu: hatimaye maji yameng'aa

Maji ya tangi la mchanga mkavu yameng'aa! Nilikuwa nimeshaanza kumtafuta mtu wa kumpa tangi lenyewe.

Kwa mliokuja leo: nalinganisha mchanga hai (unauzwa ukiwa na maji na bakteria) na mchanga mkavu kwenye matangi ya samaki wa baharini, nione amonia itashuka wapi kwanza. Mpangilio haujabadilika: matangi mawili madogo yanayolingana, maji ya RO (yaliyochujwa madini), chumvi sehemu 35 kwa 1,000, joto nyuzi 25, mawe makavu kote kuwili. Moja lina mchanga hai wa mfuko, jingine mchanga mkavu wa aragonaiti (madini ya chokaa), kina kama sentimita 4. Samaki bado.

Mchanga hai haukunisumbua hata kidogo. Huo hausuuzwi, unamwagwa pamoja na maji yake. Ukungu ulikuwepo, lakini kulipokucha nikaona mawe. Ute wa bakteria unaoganda kwenye chembe hushikanisha vumbi, nalo likishikana huwa zito, linatua.

Mkavu ndio uliokuja na kisirani. Nilisuuza kidogo kidogo, robo ndoo kwa robo ndoo, huku nakoroga kwa mkono mpaka vidole vikakauka kama vya fundi chokaa. Maji ya ndoo yakawa safi. Nikaushusha mpaka chini kwa bomba la plastiki ili usitawanyike. Maji yakatulia vizuri, nikawasha pampu ya mawimbi, tangi zima likageuka jeupe. Nikizima, linatulia. Nikiwasha, jeupe tena. Nilijaribu dawa ya kugandisha vumbi: vumbi liliganda kweli, likalala juu ya mchanga, kisha pampu ikalinyanyua lote. Pamba ya chujio ilinasa kiasi fulani, lakini unga wa aragonaiti ni mwembamba, na sehemu kubwa ilipita kama hakuna kitu.

Kilichonifungua macho ni tochi. Nilizima kila kitu usiku, asubuhi nikamulika kwa ubavuni, sambamba na mchanga. Juu ya chembe palikuwa na utando wa unga mweupe, laini, mwembamba kuliko ukucha. Kumbe mchanga wenyewe hauna neno, ni huo utando tu! Unga hutua mwisho, kwa hiyo hukaa juu kabisa, tayari kunyanyuliwa na mkondo wa kwanza. Nikachukua mrija mwembamba wa hewa, nikaufyonza polepole bila kugusa mchanga. Maji niliyoyatoa niliyapitisha kwenye kitambaa kizito, nikayarudisha, maana chumvi haiokotwi. Mawe nayo yalikuwa yamejaa unga, nikayapuliza kwa bomba la mpira, nikangoja utue, nikafyonza tena. Baada ya hapo nikawasha pampu, na maji yakabaki maji.

Kuzima pampu usiku kucha kunawezekana kwa sababu tangi ni tupu. Lenye samaki usithubutu, oksijeni itawaishia.

Kwa kuwa nimegusia chumvi: haidromita (kipima chumvi) ya mkono wa plastiki nimeistaafisha. Kiputo kimoja kikiganda kwenye mkono, kinausukuma juu na unasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Refraktomita (hupima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda) ni bora, ila irekebishwe kwa kimiminika cha chumvi 35, si kwa maji matupu peke yake. Wanaoiweka sifuri kwa maji ya RO wakaridhika, siwaelewi.

Sasa amonia (sumu itokanayo na uchafu), ambayo ndiyo iliyokuwa hoja ya jaribio. Kwenye mchanga hai ilianza kushuka mapema kidogo, lakini nitriti (sumu ambayo amonia hugeuzwa kuwa) iligoma kushuka kote kuwili, na mwishowe matangi yote mawili yalimaliza kuzisafisha karibu pamoja. Hilo halikunishangaza. Bakteria wanaogeuza amonia wanahitaji oksijeni na hawatengenezi mbegu za kujihifadhi, kwa hiyo mfuko uliofungwa na kukaa stoo muda mrefu hauwafai. Wanaovumilia humo ni bakteria wa aina nyingine. Mchanga ninaouita hai mimi ni ule uliotoka kwenye tangi linalofanya kazi, wenye kopepodi na amfipodi (vijidudu vya jamii ya kamba na kaa) na minyoo inayotambaa ukiuweka kwenye bakuli jeupe.

Basi nikachota kiganja kimoja kutoka tangi langu la zamani, ambalo halijawahi kuugua, nikakimwaga kwenye lile la mkavu. Najua jaribio la kulinganisha limefia hapo. Jedwali la nitrati (zao la mwisho la amonia) nililoahidi awali halitakuja, na sina majonzi nalo. Bei ya mfuko wa hai kwa faida ya maji kung'aa mapema, mimi siilipi tena: nitanunua mkavu, nitafyonza utando, nitatia kiganja.

Maana jana usiku, nikimulika tena, niliwaona amfipodi wawili wakikimbia ubavuni mwa kioo, na akili yote imehamia huko. Natenga kona nyuma ya mawe kwa kipande cha plastiki chenye matundu, niweke kokoto za milimita 5 hivi wapate pa kujificha na kuzaana kabla samaki hajaingia. Gundi ya silikoni bado inanuka siki, kwa hiyo plastiki haiingii majini mpaka harufu iishe.