Ndege alituita

Ndiyo kwanza narudi kutoka porini, upande wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Miguu yote imechanwa na miiba.

Asubuhi tulitoka kutafuta asali na mzee mmoja wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji wa huko, na mjukuu wake.
Mzee akapiga mluzi. Kimya.
Akapiga tena.
Ndege mdogo wa kijivu, yule anayeongoza watu kwenye asali, akajibu juu ya mti, akaruka mbele, akatusubiri. Tukamfuata hadi kwenye mbuyu.

Mzee akapigilia vigingi kwenye shina, akavipanda kama ngazi, kijinga cha moto mkononi. Moshi, kisha asali.

Nilidhani ndege atapewa masega kama shukrani. Wapi! Nta iliyobaki ilitupwa motoni. "Akishiba, leo hatuiti tena," mzee akasema.

Ila aliyenishika moyo ni yule mtoto. Hakuna aliyemwambia "tazama hapa". Macho yake hayakubanduka kwenye mikono ya babu yake. Njiani akawa anajaribu ule mluzi, midomo imejaa asali.
Ikatoka hewa tupu.
(Wangu ulikuwa mbaya zaidi.)

Nyie mlijifunza nini kwa kutazama tu? Nisimulieni.