Namba za slaidi zinazojihesabu: nilivyozipanga kwenye PowerPoint

Msikilizaji akisema "naomba turudi kwenye ule mchoro wa bluu", ukumbi mzima unaanza kuutafuta pamoja naye. Akisema "naomba slaidi ya 14", naandika 14 kwenye kibodi, nabonyeza Enter, na PowerPoint inatufikisha papo hapo. Ndiyo maana siwezi kusimama mbele za watu na slaidi zisizo na namba. Wala sitaki namba za kuandika kwa mkono: ukipachika slaidi moja katikati, zote zinazofuata zinakuwa si sahihi.

Kazi iliyonifunza zaidi ilikuwa wasilisho refu lililounganishwa kutokana na mafaili ya wenzangu kadhaa. Nilianza na njia ya kawaida. Kwenye menyu ya Ingiza nilichagua namba ya slaidi, dirisha dogo likafunguka, nikatia tiki kwenye namba, nikatia nyingine ili slaidi ya kichwa iachwe bila namba, kisha nikabonyeza kitufe cha kutumia kwa slaidi zote. Kile kitufe cha jirani yake kinaihusu slaidi uliyopo tu.

Slaidi nyingi zikapata namba, lakini baadhi zikabaki tupu, na zote zilizobaki tupu zilikuwa na umbo moja: picha kubwa iliyojaza ukurasa. Hilo likanipeleka kwenye slaidi kuu, yaani mwonekano wa kuhariri kiolezo cha slaidi zote, unaofunguliwa kupitia menyu ya Mwonekano. Pale juu ipo slaidi mama, na chini yake imejipanga mipangilio yote, yaani violezo vya kila aina ya slaidi, inayorithi kutoka kwake. Namba inaonekana kama alama ya reli (#) ndani ya mabano yenye ncha, na ukirudi kwenye slaidi za kawaida, alama hiyo inageuka kuwa namba halisi. Sasa, aliyetengeneza ule mpangilio wa picha alikuwa amefuta kisanduku cha namba. Slaidi haiwezi kuonyesha kitu ambacho mpangilio wake hauna, hata ukitia tiki mara ngapi. Nilirudisha tiki ya vijachini (visanduku vya chini ya slaidi, kikiwemo cha namba) kwenye mpangilio ule, nikafunga slaidi kuu, kisha nikalifungua tena lile dirisha la mwanzo na kutumia kwa zote. Hatua hii ya mwisho ni lazima, kwa sababu slaidi zilizokwisha kutengenezwa haziokoti kisanduku kipya zenyewe.

Nikiwa hapo hapo kwenye slaidi mama nilikuza namba. Mandhari ya kawaida ya Office huiweka katika pointi 12 na rangi ya kijivu, na kwa mtu aliyeketi nyuma hiyo ni sawa na kutoiweka kabisa. Niliipandisha hadi 18 na kuipa rangi iliyokolea. Mipangilio ikafuata, isipokuwa ile ambayo mtu alikwisha kuibadilisha peke yake. Hiyo niliirekebisha mmoja mmoja.

Kuificha namba kwenye slaidi ya kichwa hakuiondoi slaidi hiyo katika hesabu, kwa hiyo slaidi ya pili inaonyesha 2. Nilitaka maudhui yaanze na 1, basi nikaenda kwenye Usanifu, nikafungua ukubwa maalumu wa slaidi, na pale pa kuchagua namba ya kuanzia nikaweka 0. Slaidi zilizofichwa nazo huhesabiwa: ukificha ya 8, wasikilizaji wataona 7 kisha 9, na wapo watakaodhani wamenyimwa kitu. Zote zilizofichwa nilizihamishia mwisho.

Wenzangu waliomba pia jumla ionekane, kwa mfano 5 kati ya 40. LibreOffice Impress, programu nyingine ya mawasilisho, ina sehemu ya kuingiza idadi ya slaidi inayojibadilisha yenyewe. PowerPoint haina, jumla hiyo ingebidi niiandike kwa mkono kwenye slaidi mama na kuikumbuka kila slaidi inapoongezwa. Niliwaeleza hivyo, tukaiacha.