Mi ya Rasti: msimu wangu wa kuongoza okestra ya mtaa

Niliambiwa ni msimu mmoja tu. Kiongozi wetu alikuwa ameingiwa na maradhi ya mkono, upinde wa fidla haukamatiki tena, na kamati ya klabu yetu ya taarabu ikakaa usiku mmoja wa Ramadhani ya 2024 baada ya tarawehe ikanitaja mimi. Hoja zilikuwa mbili: kwamba nasoma nota, na kwamba nina mke mmoja tu wa kunizuia kuja mazoezini. Watu walichekea ile ya pili, lakini nadhani ndiyo iliyonipa kura.

Klabu yetu ipo Ng'ambo. Ni chumba kimoja kirefu chenye mabenchi, kabati la ala na picha za marehemu ukutani. Wapigaji tulikuwa 15: fidla tano nami nikiwemo, selo, besi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), udi mbili (ala za nyuzi, jamaa ya gitaa), nai (filimbi ya mwanzi), kodiani (kinanda cha kuvuta na kusukuma), na ngoma tatu: dumbaki, rika na bongo. Waimbaji na waitikiaji wanane. Hakuna anayelipwa mshahara. Wa besi ni seremala, wa nai ni muuguzi wa zamu, wa rika anaendesha daladala. Wageni wakisikia neno okestra huwaza Ulaya, makoti meusi na mikia yake. Hapa Unguja klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa imekuwepo tangu 1905, na kabla yake Sultani Barghash alikwishampeleka mtu Misri akajifunze kanuni. Kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni mtaani. Mgeni nilikuwa mimi kwenye kile kiti.

Msimu wetu haujui Januari wala Disemba. Hufunguliwa Mfunguo Mosi, mwezi wa Idd ukishaandama, hupita kwenye Idd ya pili na harusi zisizohesabika, na hufungwa kwa vunja jungu mwishoni mwa Shaabani. Ramadhani ikiingia ala zinarudi kabatini. Hesabu yangu ilikuwa Aprili 2024 hadi mwisho wa Februari 2025, na wiki moja na nusu tu ya kuwaweka watu sawa kabla ya Idd.

Kosa la kwanza lilikuwa kijiti. Nilikuwa nimefundishwa kuongoza kwa kusimama mbele, mkono wa kulia ukigawa mapigo, wa kushoto ukiita huyu na kumtuliza yule. Nikachonga kijiti cha mbao, nikasimama. Nilipiga hatua nane za wimbo hewani na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Wa dumbaki alikuwa anatazama kiwiko cha fidla ya kwanza, wa besi anatazama mguu wa wa dumbaki, na waimbaji wanatazama simu. Mapumziko, wa dumbaki akanijia kwa adabu kabisa: "Maalim, hicho kijiti kiweke. Kinanikumbusha skuli."

Nikakaa. Nikashika fidla yangu, na kuanzia usiku ule nikaongoza kwa ninachokishika. Upinde ukipanda juu ya bega huku navuta pumzi puani kwa sauti, ndiyo tunaanza. Kichwa cha fidla kikiinuka, turudie kiitikio. Kikiinama, twende ubeti unaofuata. Ishara hiyo ya kurudia ndiyo iliyonilipa zaidi ya yote niliyosomea. Mwimbaji akiwa katikati ya ubeti, akina mama wanainuka kuja kumtunza, mmoja anacheza njia nzima kutoka kiti cha nyuma na noti ya elfu tano kidoleni, na wimbo hauwezi kumwacha njiani. Lazima kiitikio kizunguke mpaka afike, atoe, azunguke kidogo aonekane, arudi kukaa. Harusi moja ya Mfunguo Pili tulizunguka mara 19. Nilihesabu kwa sababu wa besi alikuwa ananihesabia kwa macho, kidole chake kimevimba.

Mazoezi nayo niliyapindua. Zamani walikuwa wanaanza na bashrafu, kipande cha ala tupu bila kuimba, kwa kuwa ndiyo inayofungua onyesho. Lakini bashrafu bila rika haina uti wa mgongo, na mwenye rika hafiki kabla ya saa tatu usiku, mpaka apeleke gari na hesabu kwa tajiri. Tulikuwa tunaipiga kila siku bila yeye na kila onyesho yeye anaipiga kama mtu aliyealikwa juzi. Nikaihamishia mwisho. Jumamosi nyuzi peke yake, Jumatatu waimbaji na udi, Alhamisi wote, bashrafu ya mwisho kabla ya kufunga mlango. Ndani ya mwezi ikawa ndiyo kipande chetu kilichoshikamana kuliko vyote. Wasiosoma nota, ambao ndio wengi, niliwarekodia kila mmoja sehemu yake kwa fidla nikawatumia kwenye simu. Wa selo ananiambia alijifunza yake yote jikoni, chungu kinachemka.

Sasa masika. Usiku wa Idd Mosi, Aprili 10, mvua ilikuwa inapiga mabati kama inadai kitu. Kanuni yetu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na zote zimeegemea daraja moja lililokaa juu ya vipande vya ngozi nyembamba ya samaki. Ngozi ikipata unyevu hulegea, daraja linazama, nyuzi zote zinashuka pamoja. Mpigaji alikuja saa nzima mapema akatiuni moja moja kwa ufunguo wake. Ukumbi ukajaa, watu wakapumua, nguo zikatoa mvuke. Wimbo wa tatu kanuni ilikuwa imeshuka karibu nusu sauti. Nai, kwa upande wake, ikipashwa moto na pumzi hupanda. Mmoja chini, mmoja juu, na fidla tano katikati kila moja ikichagua wa kumfuata. Niliona mzee mmoja safu ya mbele anakunja uso kama aliyetafuna ndimu.

Nikainamia wa udi nikamwambia, "Piga taksim. Ndefu. Usimalize mpaka nikuguse." Akapiga dakika sita au saba peke yake, akitembea atakako, huku nyuma yake mpigaji kanuni kajikunja kifudifudi juu ya ala akizungusha ufunguo na sikio limegusa nyuzi. Watu wakaitika "Allah!" kwa udi, wakidhani ndivyo tulivyopanga. Tangu siku hiyo nikapanga kweli: kila onyesho taksim mbili, moja ya udi na moja ya nai, zimewekwa pale kanuni inapohitaji kupumua. Na klabuni kanuni ililala kabatini na balbu ya wati 60 ikiwaka chini yake, jambo ambalo mweka hazina alilalamikia kila umeme ulipoisha.

Lakini lililonila msimu mzima lilikuwa sauti moja, mi.

Rasti ni maqamu, yaani mpangilio wa sauti wa Kiarabu. Ukiipanda kutoka do, ile mi haikai pale kinanda kinapoiweka. Imeshuka kidogo, haijafika mi bemoli, imekaa katikati kama mtu aliyesita kizingitini. Ile si ya juu nayo ni hivyo hivyo. Fidla haina taabu, kidole kinateleza tu. Udi pia. Kanuni ina vidole vidogo vya chuma kando ya nyuzi, unainua kimoja, sauti inasogea. Nai ni midomo. Kodiani ndiyo yenye tatizo: ndani ya kila kibao mna ulimi wa chuma uliokwisha chongwa kiwandani, na mi yake ni ile ile ya kinanda, huibembelezi wala huitishi. Fidla tano zinalia mi ya Rasti, kodiani inasisitiza yake juu yao, na ina sauti kubwa kuliko wote.

Mpigaji wetu wa kodiani tunamwita Babu. Ndiye mkongwe wa klabu, na kodiani yenyewe aliachiwa na baba yake. Nilimfuata baada ya mazoezi ya pili, nikamsalimu shikamoo mara mbili kwa woga.

"Maalim," akasema, "mimi naipiga hiyo mi tangu wewe hujatahiriwa. Leo imeoza?"

"Haijaoza, Babu. Ni ya wimbo mwingine."

Tukaelewana, kwa maana ya kwamba hakunifukuza. Kwenye nyimbo za Rasti na za Bayati, maqamu nyingine, angepiga sauti nyingine zote, akifika kwenye zile zisizomo ndani ya kodiani anyamaze, fidla zimpokee. Alifanya. Ila kila ikifika mi aliinua mikono yote miwili hewani, vidole wazi, kama mtu anayeonyesha polisi hana silaha. Ukumbi mzima unaona. Watoto wakaanza kuigiza. Ilikuwa sahihi kimuziki na ilinitia aibu kila wiki, na sijui hata leo ningemwambiaje aache.

Miezi ya kati sina mengi ya kusimulia. Harusi, harusi, harusi moja iliyovunjika bwana harusi hajafika, na sisi tumeshatiuni. Palikuwa na ugomvi wa fedha za kutunzwa: waimbaji walitaka robo yao kabla sanduku halijaingia klabuni, wapigaji wakauliza wao nani atawatunza na wamekaa chini. Tulimaliza kwa kukubaliana nauli za wote zitoke kwanza, kinachobaki nusu klabu, nusu wagawane waliokuwepo usiku huo, sawa kwa sawa. Mahudhurio yalipanda ghafla. Nakiri nilitumaini ni kwa kupenda uongozi wangu.

Mwezi wa Rajabu, Januari, Babu akapotea siku nne. Kumbe alipanda boti kwenda Dar es Salaam na kodiani mapajani, imefungwa kanga ya mkewe. Mtu fulani alimwambia jambo ambalo mimi, mwenye nota zangu, sikulifikiria. Kodiani yake ina seti tatu za ndimi, na juu ya vibao mna swichi zinazochagua seti ipi ipumue. Unaweza kuziacha mbili kama zilivyo, ukazishusha sauti mbili, mi na si, kwenye seti moja tu. Fundi hukwangua ulimi: karibu na ncha sauti hupanda, karibu na mzizi hushuka. Vibao vyake 41 vina mi tatu na si tatu, na kila moja ina ndimi mbili, ya kuvuta na ya kusukuma. Ndimi 12. Babu alikaa kwenye kigoda cha fundi siku mbili akiimba mi ya Rasti kwa mdomo, fundi akikwangua, anajaribu, anakwangua tena.

Alikuja mazoezini Alhamisi hakusema kitu. Tulianza Rasti, nikasubiri mikono iinuke, haikuinuka. Mi ikatoka, imeshuka pale pale, ikakaa ndani ya fidla kiasi kwamba wa fidla ya pili aligeuka kutazama nani kapiga. Nilipoteza mapigo. Kiongozi mzima, nilipoteza mapigo, na wa dumbaki akanibeba mpaka mwisho wa ubeti.

"Haya," Babu akasema. "Sasa na wewe tuletee nyimbo za maana."

Vunja jungu tulilifanya uwanja wa nyuma ya klabu, mwisho wa Februari, biriani na juisi ya ukwaju, viti vya kukodi. Bashrafu ilikwenda kama maji. Rasti mbili zikafuata, na Babu kifua mbele, mikono chini, akimwangalia kila mtu aliyemjua kuhakikisha amesikia. Kanuni haikuhitaji hata ile taksim, kaskazi ilikuwa kavu, lakini tukaipiga kwa mazoea.

Kisha ikaja rumba, ile ya kuchezesha watu, ambayo mi yake ni ya kinanda. Nikainua upinde, nikavuta pumzi, tukaingia. Hatua ya pili ya wimbo kodiani ikatoa mi ya Rasti juu ya rumba, kubwa, chachu, bila haya. Babu alikuwa amesahau kurudisha swichi, na kwa jinsi alivyofumba macho kwa raha hakuwa na habari. Fidla zikaanza kucheka, upinde wa wa tatu ukaruka. Bi Mkubwa wetu anayeimba, ambaye hajawahi kugeuka nyuma jukwaani tangu nimjue, alisogeza maikrofoni mbali na mdomo, akageuka nusu.

"Babu," akasema, "taa uliyoiwasha izime, tumeshafika nyumbani."

Nikainua kichwa cha fidla. Tukarudia kutoka mwanzo.