Choo cha mtoto wa titi, siku ya kwanza hadi wiki ya sita: nilivyokifuatilia

Titi halina alama za mililita. Mama hawezi kuona mtoto amekunywa kiasi gani, ndiyo maana neno "hashibi" huingia nyumbani mapema sana, na nyuma yake huja maji ya glukosi na maziwa ya kopo. Mimi ni muuguzi mkunga hapa Mwanza. Nilipojifungua binti yangu niliamua kutegemea vitu viwili tu, nepi na mizani, na hapa naeleza nilivyovisoma kwa vipimo vyake, ili anayelea kichanga Igoma, Kirumba au kule Ukerewe aweze kufanya vilevile.

Nilichukua daftari la shule nikachora safu nne: saa ya kunyonya, titi gani, mkojo, choo. Kwenye choo niliandika rangi na ukubwa, si "ndiyo" au "hapana" peke yake. Kinachohesabiwa ni choo chenye upana wa sarafu ya shilingi 200 au zaidi. Alama ndogo inayotoka pamoja na ushuzi sikuihesabu. Mkojo unaonekana vizuri kwenye nepi ya kitambaa. Kwa anayetumia pampasi, mwagia vijiko 3 vya chakula vya maji (kama mililita 45) kwenye pampasi kavu, ishike mkononi ulinganishe na nyingine kavu, na uzito huo ndio utakaoutafuta. Pampasi humeza mkojo hadi ukaiona kavu wakati si kavu.

Siku ya kwanza nilitegemea nepi moja yenye mkojo na choo kimoja, siku ya pili nepi mbili, siku ya tatu tatu. Kuanzia siku ya tano, nepi 6 au zaidi zenye mkojo mweupe usio na harufu kali, na choo mara 3 au 4, wengine hata kila wanaponyonya. Choo cha kwanza ni cheusi na kinanata kama lami, maana ni mabaki ya alichomeza tumboni mwa mama pamoja na nyongo. Karibu watoto wote waliozaliwa miezi ikiwa imetimia huwa wamekitoa ndani ya saa 48, wengi wao ndani ya 24. Mtoto aliyepitisha saa 48 bila choo, tumbo likiwa linajaa, hasubiriwi nyumbani, kwa sababu huenda utumbo umeziba au una sehemu isiyosukuma. (Ukimpaka mafuta ya kula au vaselini makalioni kabla ya kumvalisha nepi, kile cheusi kitafutika bila kumchubua.) Siku ya tatu au ya nne choo kinageuka kijani cha giza au kahawia. Ifikapo siku ya tano kinatakiwa kiwe cha manjano, majimaji, chenye chembechembe nyeupe. Chembe hizo ni mafuta ya maziwa yaliyoganda kidogo, wala si dalili kwamba chakula hakijasagika.

Kuharisha na choo cha kawaida cha mtoto wa titi ndivyo vinavyochanganywa mno. Choo cha majimaji mara 8 kwa siku kwa mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito si kuharisha. Kuharisha ni mabadiliko ya ghafla kutoka kwenye kawaida yake mwenyewe: choo kinakuwa maji matupu, mara nyingi zaidi, kina harufu mbaya, makamasi au damu, naye amelegea au ana joto. Bila daftari hutaijua kawaida yake, na utabaki kubishana na jirani. Huyo anayeharisha kweli endelea kumnyonyesha, umpeleke siku hiyohiyo. Chini ya miezi miwili dawa ya kuharisha hainunuliwi dukani kwa kubahatisha. Na anayesema mtoto amebemendwa (kwamba anaumwa kwa sababu wazazi wamekutana kimwili) msikilize kwa heshima, ila usikubali siku ipite kwa ajili ya hilo.

Siku ya nne ndiyo iliyonipa kazi. Choo cha binti yangu kilikuwa bado cheusi-kijani na kidogo, na kwenye nepi kulikuwa na doa la rangi ya tofali lililoacha unga lilipokauka. Unga huo ni fuwele za yureti, yaani mkojo umekolea. Siku mbili za kwanza doa hilo ni la kawaida. Likiendelea siku ya nne, maziwa yanayoingia hayatoshi. Lisichanganywe na damu kidogo au ute ambao watoto wa kike hutoa ukeni wiki ya kwanza kutokana na homoni za mama. Ile huvutika, na si unga. Mizani ilikubaliana na nepi: alizaliwa na gramu 3,200, sasa alikuwa na 2,910, pungufu ya asilimia 9. Kupungua hadi asilimia 7 siku za mwanzo hakunitishi. Kati ya 7 na 10 unyonyeshaji unakaguliwa siku hiyohiyo, na ikifika 10 anatakiwa kuonwa na daktari.

Kuhusu mizani kuna jambo linalopotosha wengi. Ile ya kuning'iniza mtoto kwenye kaptura kliniki ina mistari ya gramu 100. Kichanga kinatakiwa kuongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku baada ya maziwa kushuka, kwa hiyo mizani hiyo haiwezi kukuonyesha kitu ndani ya siku mbili. Omba apimwe kwenye mizani ya mezani ya wodi ya wazazi, akiwa uchi, na mara zote iwe mizani ileile.

Tatizo halikuwa wingi wa maziwa. Alikuwa ameshika chuchu peke yake. Chuchu ilitoka mdomoni imebanwa upande, yeye akinyonya harakaharaka bila kumeza, na mashavu yakiingia ndani. Mtoto wa namna hii anaweza kukaa titini saa nzima na kutoka na njaa, kisha watu wakasema maziwa ya mama ni mepesi. Nilichofanya ni hiki. Tumbo lake kwenye tumbo langu, sikio, bega na nyonga vikiwa mstari mmoja. Pua ikiwa mkabala na chuchu, si mdomo. Nikagusisha chuchu kwenye mdomo wa juu, nikangoja hadi afungue kinywa wazi kabisa, kisha nikamleta yeye kwenye titi kwa haraka, kidevu kikitangulia. Mama akiinama kupeleka titi kwa mtoto, anaishia kumpa chuchu tu na maumivu ya mgongo. Amekaa sawa pale kidevu kinapogusa titi, kinywa kiko wazi, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Halafu sikiliza: anaanza na kunyonya kwepesi kwa haraka, maziwa yakishuka anavuta taratibu kwa kina, anatua, na unasikia anameza.

Alipoanza kusinzia titini nililishika titi mbali na weusi, nikalibana taratibu wakati ananyonya bila kumeza, nikaachia alipopumzika. Nilimnyonyesha mara 10 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na zilipofika saa tatu tangu aanze kunyonya nilimwamsha. Baada ya kila mnyonyo mchana nilikamua kwa mkono dakika kama 10, nikapata vijiko 3 au 4 vya chai, nikampa kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, nikikigusisha kwenye mdomo wa chini aramberambe mwenyewe. Maziwa hayamiminwi kinywani, kwa sababu yanaweza kumpalia. Kwa joto la hapa yaliyokamuliwa siyaachi mezani zaidi ya saa nne.

Choo kilianza kugeuka manjano siku iliyofuata. Siku ya sita alikuwa na gramu 2,970, na kabla ya wiki mbili kuisha alikuwa amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Muda wa mwisho ninaoutumia kliniki ni huo, wiki mbili. Asiporudi, au choo kikibaki cheusi baada ya siku ya tano, anaonwa na anayejua, na kama anahitaji nyongeza ya maziwa basi iwe kwa kipimo na kwa ushauri wa kitaalamu. Glukosi inajaza tumbo bila mafuta wala protini. Mtoto analala, titi halinyonywi, maziwa yanapungua, choo kinapungua zaidi.

Choo kidogo kina uhusiano na macho ya manjano pia. Rangi ya manjano hutolewa kwa njia ya choo. Kile cheusi kikikaa tumboni, inafyonzwa tena kurudi kwenye damu. Kwa hiyo kumnyonyesha sana ni sehemu ya tiba, lakini kumwanika juani asubuhi hakutibu manjano iliyozidi. Nilimtazama kila asubuhi mlangoni kwenye mwanga wa kutosha, nikibonyeza ngozi ya paji la uso, kifua, kisha miguu. Manjano inayotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au inayofika kwenye viganja na nyayo, ni ya hospitali, na huko atawekwa kwenye taa za buluu.

Wiki ya tatu maziwa yalijaa kupita kiasi, na choo kikawa kijani chenye povu, kikitoka kwa kishindo, mtoto akipaliwa mwanzoni mwa kila mnyonyo na kuwa na gesi nyingi. Hapa ni kwamba alikuwa anakunywa maziwa mengi ya mwanzo wa titi, yenye sukari nyingi na mafuta kidogo, kabla hajafika kwenye mazito. Niliacha kumhamisha titi kwa kuangalia saa. Alimaliza moja hadi alipoliachia mwenyewe, na alipodai tena kabla ya saa mbili nilimrudisha kwenye lilelile. Nililegea kidogo nyuma ili asinyonye huku maziwa yakimporomokea. Njia hii inafaa tu kwa mtoto anayeongezeka uzito vizuri. Kwa aliyepungua ni hatari. Kijani kitupu bila povu, mara mojamoja, sikukiandikia hata maelezo. Wala sikuacha kula sangara, mchicha wala michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa ajili ya choo chake.

Kisha, karibu na wiki ya sita, alinyamaza kabisa. Siku zikapita bila choo. Huu ndio wakati hesabu yote inabadilika, na wengi hawaambiwi. Kabla ya wiki ya nne hadi ya sita, choo kikikosekana siku nzima nashuku maziwa hayatoshi. Baada ya hapo, mtoto anayekula titi tupu anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, kwa sababu maziwa yanatumika karibu yote na mabaki ni machache. Mama mkwe alikuja na wasiwasi wa kweli: "Mwanangu, mtoto amefunga choo. Tumpe maji kidogo, au tumwekee kipande cha sabuni." Nikamwambia, "Mama, naomba tumpapase tumbo pamoja kwanza." Tumbo lilikuwa laini, gesi ilitoka, nepi za mkojo zilikuwa 7, alinyonya kama kawaida, hakutapika. Choo kilipotoka kilikuwa kingi na laini. Kufunga choo ni choo kigumu kama gololi, si kuchelewa. Sabuni huunguza ngozi ya ndani, mafuta ya nyonyo huleta kuharisha kwenye mwili mdogo sana, na maji, hata ya ziwa yaliyochemshwa, hayahitajiki kabla ya miezi 6: karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Nilimkunja magoti taratibu kuelekea tumboni na kumsugua tumbo kuzunguka kitovu kufuata mwelekeo wa saa. Basi.

Rangi ninazozikimbilia ni tatu. Choo cheupe, cha kijivu au manjano iliyopauka kabisa, hasa macho yakiwa bado ya manjano baada ya wiki mbili: huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi kabla mtoto hajafikisha siku 60, kwa hiyo "tumsubiri kidogo" humnyima nafasi. Damu, hata michirizi. Na weusi unaorudi baada ya choo kuwa cha manjano. Wakati mwingine ni damu aliyoimeza kutoka kwenye chuchu iliyochanika, lakini daktari akague, na uulize kama mtoto alichomwa vitamini K, ile ya kusaidia damu kuganda, alipozaliwa. Nepi yenyewe ifunge kwenye mfuko uende nayo. Picha ya simu chini ya taa ya njano hudanganya rangi.

Matapishi ya kijani, tumbo gumu lililojaa, kukataa titi, joto la 37.5 au zaidi, mwili wa baridi, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kulegea asiamke: hapo usingoje kukuche. Aliye mjini ana hospitali za Sekou Toure na Bugando. Wa Sengerema sasa anapita daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Aliye kisiwani aanze na kituo cha karibu siku ileile dalili inapoonekana mchana, maana usiku chombo cha kuvukia ni shida, na njiani amnyonyeshe mtoto kama bado anaweza kunyonya, amfunge ngozi kwa ngozi kifuani, na kadi ya kliniki iwe mkononi pamoja na daftari.