Nilivyoandika maneno ya wapagazi wa Tendaguru kwenye gemu ya simu

Mama mkubwa akiulizwa nafanya kazi gani hujibu kwamba nacheza gemu na Wazungu wananilipa. Nimeacha kumsahihisha. Wanaonilipa ni kikundi kidogo cha vijana wa Dar es Salaam, na kucheza kwenyewe nacheza kidogo sana. Siku nyingi nashinda barazani hapa Rahaleo, Lindi mjini, ndani ya jedwali la Excel: safu ya kwanza namba ya mstari, ya pili nani anasema, ya tatu yuko katika hali gani, ya nne anasema nini, ya tano zinaruhusiwa herufi ngapi. Ukicheza gemu ukakutana na mlinzi anayekwambia "Pita huku", ujue kuna mtu mahali fulani ameandika namna kadhaa za kusema pita huku, na nyingi zimetupwa.

Gemu iliyonitoa jasho kuliko zote ni ya Tendaguru. Watu wa huku hawana haja ya kuelezwa. Kwa wengine: ni kilima kilichoko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi mjini. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wa makumbusho ya Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba pale mifupa ya dinosaria. Mmoja wa dinosaria hao anaitwa Giraffatitan brancai, na amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Vijana wa Dar walitaka gemu ambayo mchezaji ni mpagazi. Anapokea mzigo kambini, anaushusha kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu au nne, na njiani anachagua: apumzike au asipumzike, amsaidie mwenzake au ampite, aseme au anyamaze.

Wazo nililipenda papo hapo, kwa sababu mifupa ile haikupaa kwenda Ulaya. Zaidi ya tani 200 zilifika pwani juu ya vichwa na mabega ya watu, na wafanyakazi wa machimbo kuna msimu walifika 500. Mkuu wa wasimamizi wa Kiafrika, Boheti bin Amrani, angalau ana dinosaria aliyepewa jina lake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Wapagazi wengi hata majina yao hatunayo.

Hadithi yenyewe haikunisumbua. Kambi, njia, mto, kijiji, bandari. Mwanzo unajulikana na mwisho unajulikana. Kwa matawi ya mazungumzo natumia ink, lugha ya kuandikia hadithi za kuchagua iliyotengenezwa na inkle, studio ya Cambridge, wakaiachia bure kwa kila mtu mwaka 2016. Unaandika maandishi ya kawaida kabisa. Ukitanguliza nyota, chaguo likishatumika linatoweka. Ukitanguliza alama ya kujumlisha, linabaki. Nyota na jumlisha, nusu ya ufundi wangu ndiyo hiyo. Nusu nyingine ni kukata.

Shida ilikuwa kwenye vijineno vya njiani. Hayo ni maneno ambayo wahusika wanayasema wenyewe bila kuulizwa, wakati mchezaji anatembea tu: mmoja analalamikia jua, mwingine anaonya kuna kisiki. Hayaisogezi hadithi mbele, lakini ndiyo yanayosikika zaidi ya kitu kingine chochote kwenye gemu. Tukio kubwa la sura ya mwisho mchezaji atalisoma mara moja. Mpagazi anayesema "jua hili" atamsikia mpaka amchukie.

Niliandika makundi mawili makusudi, nijaribu. Kundi la kwanza la kuchekesha: "Mzigo huu mzito kuliko deni la jumbe!" La pili kavu: "Polepole." "Shingo." "Bado?" Nikampa simu kijana mmoja wa bodaboda pale kijiweni, nikakaa pembeni nikimtazama usoni badala ya kutazama kioo. Deni la jumbe lilimchekesha. Lilipojirudia alitabasamu. Baadaye kidogo akaniuliza, "Kaka, huyu mtu hawezi kunyamaza?" Yale makavu hakuyasemea lolote, na kwangu hiyo ndiyo sifa. Lakini hayakuwa na uhai pia. Yangeweza kusemwa na mtu yeyote, popote, amebeba au hajabeba.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa kuli bandarini enzi zake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo umekuja na kompyuta au umekuja kunisalimia?"

Nilikuwa nimekuja na vyote viwili. Nikamuuliza walikuwa wakizungumza nini wakiwa na mzigo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mtu ana gunia la korosho shingoni, wewe unataka akupigie hadithi? Hadithi ni pale mnapotua. Njiani ni haya, shika, kulia, basi. Ukimsikia mtu anasema sana, ujue huyo hajabeba."

Niliporudi nyumbani nilifungua jedwali, nikaifuta safu yote ya tano. Mpaka hapo idadi ya herufi ilikuwa inapangwa na upana wa kioo cha simu. Sasa niliipanga kwa mzigo. Mpagazi mwenye mzigo kamili haruhusiwi kuzidi herufi 18. Akipunguziwa anapata 40. Wakitua jioni, moto umewaka na muhogo uko majivuni, hapo aseme mpaka 90, na hapo ndipo utani wote niliokuwa nao nikaumwaga, pamoja na deni la jumbe, kwa kuwa kambini usemi hutokea mara moja tu na haurudi. Nyapara, ambaye habebi chochote isipokuwa fimbo, amepewa 90 tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna mahali popote kwenye gemu panapoeleza kwamba nyapara ni mtu wa namna gani. Anasema sentensi nzima nzima, zenye "kwa hiyo" na "ingawa", katikati ya watu wanaohema.

Mtaalamu wetu wa programu aliipokea hesabu hii kwa furaha kuliko alivyowahi kupokea hadithi yangu yoyote. Gemu tayari ilikuwa inatunza namba ya uzito na namba ya uchovu. Kilichobaki ni kuziunganisha na mistari. Mchezaji akiamua kumpokea mwenzake mzigo, yule mwenzake anaanza kuongea maneno marefu zaidi. Hakuna nyota inayometa wala pointi zinazoongezeka. Umemtua mtu, naye amepata pumzi ya kukwambia ametoka wapi.

Kulikuwa na jambo jingine nililolibeba kwa uangalifu. Safari hizi zilitokea miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na nchi hii ilikuwa bado na njaa na makaburi mapya. Rasimu iliyotoka Dar ilikuwa na mzee anayesimama kandokando ya njia na kumhadithia mchezaji vita vyote, aya baada ya aya. Nilimtoa. Kwanza mchezaji wa simu haendi na aya. Anagonga kioo ta-ta-ta mpaka zipite, na kijana wa bodaboda alinithibitishia. Pili, sioni mtu aliyetoka kwenye msiba kama ule akimsimulia mpita njia. Badala yake kuna kijiji kimoja ambapo wapagazi wote wanakosa maneno, hata wale waliopunguziwa mizigo. Mchezaji anapata chaguo moja tu lisilo la kawaida: "Usiulize hapa." Taarifa iko ndani ya chaguo lenyewe, maana hapo ndipo jicho la mchezaji linapotua. Akipuuza akauliza, kuna mmoja atamjibu, na atamjibu kwa herufi 18.

Ngeli nazo zilitaka uvumilivu. Gemu zinapenda sentensi zenye tundu: "Umebeba" halafu programu inajaza idadi na kitu. Kwa Kiswahili tundu moja halitoshi. Mifupa mitatu, vibuyu vitatu, mihogo mitatu, kamba tatu, na ukisema kizito, mzito, nzito mambo yanazidi. Wengine hutengeneza kanuni ndefu za kompyuta. Mimi niliorodhesha vitu vyote vinavyobebeka kwenye gemu, havikuwa vingi, nikaandika sentensi kamili kwa kila kimoja. Kazi ya kuchosha, iliyoisha.

Mei 2024 ndiyo iliyotaka kunivunja. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mafuriko yakaikata barabara ya Dar kule Somanga, Kilwa, na kusini tukabaki tunatazamana. Barabara ikiwa bado gumzo, tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota karibu nchi nzima. Bando ninalo, halifunguki kitu. Na jaribio la sura ya pili lilikuwa limeshatangazwa.

Kilichoniokoa ni yale maandishi ya kawaida. Faili la sura nzima katika ink ni dogo kuliko picha moja ya WhatsApp, lakini siku zile hata dogo lilikataa kwenda. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwa unakwenda. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, na mistari yangu ya mizigo ni herufi 18. Ukiweka namba za mistari, unaingiza kadhaa katika ujumbe mmoja. Nikawa natuma marekebisho kwa SMS, namba ya mstari kisha maneno, mwenzangu Dar anayachapa upya. Ya nyapara ndiyo yaliyotula salio. Tulikubaliana nyapara asubiri intaneti.

Sauti tulirekodi baadaye Mtwara, na kikundi cha maigizo ambacho kwa kawaida hufanya vichekesho vya jukwaani. Chumba kilikuwa cha kawaida, magodoro ukutani, mlango umezibwa kwa vitenge, tunaanza usiku majogoo yakishalala. Waigizaji walinipa shida moja tu: walisema "Polepole" kwa sauti nzuri mno, sauti ya redioni. Nikanunua viroba vya unga vya kilo 25. Kila mmoja akajitwika chake, akazunguka chumba mpaka shingo ikaanza kumuuma, ndipo namnyooshea maikrofoni. Dada mmoja aliweka kiroba chini, akanitazama, akasema, "Mwandishi, sasa na wewe beba." Nikabeba. Pumzi inayosikika kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Lindi ni yangu, na hakuna aliyelalamika. Unga tukagawana.

Siku hizi huamka alfajiri, umeme ukiwa bado mtulivu na jua halijafika barazani, naandika mpaka saa nne. Baada ya hapo ni kusoma ripoti za wajaribu: nani alikwama, nani aliruka mazungumzo, mstari gani umejirudia mpaka ukamkera mtu. Wengi hawaandiki lolote kuhusu urefu wa maneno, na sikutarajia. Mmoja aliandika kwamba nyapara anamuudhi ingawa hajui kwa nini, hajamfanyia ubaya wowote.

Vijana wa Dar sasa wanataka sura nyingine, ya msafara wa Waingereza ulioanza Tendaguru mwaka 1924, ambamo Louis Leakey, aliyekuja kuwa mtafiti maarufu wa chimbuko la binadamu, alikuwemo akiwa bado kijana mdogo. Wameshanitumia na jedwali tupu. Nimewajibu kwamba nitalijaza wakishamaliza kulipa lile la kwanza.